Ukurasa wa Bada

Kila Ijumaa alasiri Mhina Kilua alimpikia mkewe bada kwa maneno.

Aliingia katika kile chumba kidogo chenye kuta za godoro, akafunga mlango, akakisogeza kipaza sauti mpaka kikakaribia kumgusa midomo, akaanza. Bada, alisema, hupikwa kwa unga wa muhogo, maji yanayochemka na mkono usioogopa mwiko. Menya muhogo, kata vipande, anika juani mpaka vikauke na kulia kama vigae. Twanga, chekecha, upate unga mweupe. Maneno hayo hayakubadilika kamwe. Kilichobadilika ni yaliyofuata. Ijumaa ile alieleza kwamba maji yakianza kuchemka mpishi asiondoke jikoni, kama yeye alivyoondoka juzi kwenda kumtoa mbuzi katika bustani ya jirani, yule mweupe mwenye pembe moja, ambaye sasa amezaa mapacha na amezidi kukosa adabu. Kisha akarudi kwenye mwiko.

Upande wa pili wa kioo Bi Nuru Shekue, mwenye Nyumba ya Kurasa pale Muheza, alisikiliza huku akimenya chungwa. Mhina alipotoka, Bi Nuru alimwambia kwamba kuanzia Lamu mpaka Kigoma watu wanamjua mbuzi wake kuliko wanavyomjua mbunge wao.

"Mbunge hana pembe," Mhina akajibu.

"Subiri uchaguzi."

Wakacheka, wakarudi kazini. Kazi yao ilikuwa kuandika kurasa zitakazoshika nafasi ya kwanza katika Mtambo, ule uliojibu maswali ya watu wote. Nafasi nyingine hazikuwapo. Zamani, wazee walisema, mtu akiuliza jambo alipewa orodha ndefu ya kurasa achague mwenyewe. Halafu ikaja miaka ya kurasa zilizoandikwa na mashine, kurasa juu ya kurasa, mpaka mtu akiuliza dawa ya kikohozi hajui anayemjibu ni nani, wala kama aliyemjibu amewahi kukohoa. Ndipo ikatungwa Sheria ya Sauti. Kila ukurasa uwe na sauti ya binadamu aliye hai aliyeuandika, na binadamu huyo aape kwamba analolieleza amelifanya kwa mikono yake. Orodha ikafa. Muulizaji alipewa jibu moja, likasemwa sikioni mwake kwa sauti ya mwenye ukurasa. Aliyekuwa wa pili alikuwa sawa na ambaye hajaandika.

Kwa sababu ya kiapo kile waandishi wa kurasa walikuwa watu wa mikono. Mhina alikwisha ezeka mapaa ili amwandikie muuza bati. Alikwisha bebesha michungwa kwa kuipachika vikonyo, akachimba kisima na mafundi wa kisima, akalala porini na warina asali wakamcheka alipoumwa. Alikuwa hodari. Alijua kwamba jibu lazima liwe katika sentensi ya kwanza, kwa maneno yaleyale anayoyatumia muulizaji na si maneno ya wasomi. Alijua kwamba Mtambo hupima kama msikilizaji amebaki mpaka mwisho, au amekata na kwenda kuuliza tena. Na alijua jambo ambalo wengi hawakulijua, kwamba msikilizaji hubaki pale anapohisi kuwa anayesema naye anamtaka abaki.

Hilo la mwisho hakulijifunza kazini.

*

Mwanakombo, mkewe, alikuwa mwezini. Alikuwa fundi wa bustani za ndani, na kampuni iliyojenga kituo cha huko ilihitaji watu wanaoweza kuotesha mchicha na nyanya chini ya taa. Walikubaliana wote wawili aende. Miaka saba ilionekana kama kitu ambacho mtu anaweza kukishika mkononi. Mkataba ulikataza mazungumzo na nyumbani, maana kampuni ilikwisha amua kwamba mfanyakazi anayezungumza na nyumbani hulia, na anayelia hukosea kufunga mlango. Walichoruhusiwa ni kuuliza Mtambo. Kuuliza kulikuwa sehemu ya kazi, na hakuna aliyeweza kuwazuia watu wazima kuuliza.

Mwaka wa kwanza Mhina alikaa kama mtu aliyeachwa kituo cha basi. Alipika, akala nusu, akamwaga nusu. Kisha siku moja akiwa kazini akafikiri kwamba ikiwa mkewe hawezi kusikia habari zake, anaweza kusikia majibu. Akajiuliza Mwanakombo angeuliza nini akiwa kule. Hakuchukua muda. Mwanakombo alikuwa mtoto wa Pangani, na tangu waoane walikuwa wakigombania bada. Mhina alikuwa akisonga, mkewe akisema ina mabonge, yeye akisema hayo si mabonge, ni nyama zake.

Akaandika ukurasa wa bada.

Kila mwandishi alikuwa na ubao wa kioo mezani. Ubao haukuonyesha majina ya waulizaji. Ulionyesha swali, mahali lilikotoka, na neno ambalo msikilizaji alikatia. Baada ya wiki kadhaa likatokea swali kutoka Kituo cha Mwezini: *Bada isiyo na mabonge hupikwaje na mwanamume aliyeachiwa jiko?*

Mhina alicheka mpaka Bi Nuru akaja kuona kuna nini, akamkuta analia.

Tangu siku hiyo swali lilikuja kila Jumamosi. Mara liliulizia bada ya mwanamume aliyekonda, mara bada ya nyumba inayovuja. Mwanakombo hakuwa na muhogo kule, hakuwa hata na mwiko, na kupika bada alikujua tangu utotoni. Alisikiliza mpaka neno la mwisho, kila mara. Mhina akaanza kumpa habari ndani ya mapishi. Paa limebadilishwa, akasema, hivyo siku hizi mpishi akisonga bada wakati wa mvua hasikii hata sauti yake. Shemeji amepona mguu, naye ukimpa bada na papa hakumbuki kwamba aliwahi kuumwa.

Shida ilikuwa nafasi ya kwanza. Watu wanaouliza bada ni wa Tanga na kando yake tu, na ukurasa wenye wasikilizaji wachache Mtambo huushusha. Mhina akafanya kama ambavyo mwandishi yeyote mzuri angefanya. Akapanua wavu. Katika maneno ya mwanzo akaingiza maswali ya jirani: makopa, unga wa muhogo, ugali wa muhogo. Katika maswali hayo ya jirani alimkuta mwenye nafasi ya kwanza tayari, ukurasa wa daktari mmoja wa kanda ya ziwa. Mhina aliusikiliza sentensi mbili. Ulianza na umuhimu wa lishe bora kwa jamii, kwa sauti ya mtu anayesoma. Alijua papo hapo kwamba atampita, akampita, na jioni ile alikula sahani nzima.

*

Daktari huyo alikuja Muheza mwenyewe, kwa treni. Jina lake Ng'washi Masalu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, bado kijana. Alimwamkia Mhina shikamoo, akaitikiwa, akaketi kwenye kiti cha wateja. Mhina alidhani amekuja kuagiza ukurasa, na kusema kweli alifurahi, maana ni heshima kufuatwa na uliyemshinda. Akamwagizia chai.

Daktari hakuigusa. Aliomba ruhusa, akatoa sikioni kile kidude chake, akakiweka mezani, akakiuliza kwa sauti: unga wa muhogo unatengenezwaje? Sauti ya Mhina ikatoka mezani. Menya muhogo, kata vipande, anika juani. Ikafika kwenye mbuzi. Bi Nuru, aliyekuwa mlangoni, akatabasamu. Daktari akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akakizima.

"Baba," akasema, "muhogo gani?"

Mhina alicheka. Kwao mtu haulizwi muhogo gani. Unang'oa kibandameno, ule muhogo mtamu wa pwani, shambani, unaufuta udongo kwa kiganja, unautafuna mbichi ukielekea nyumbani, mtoto anakuomba, unamkatia. Alianza kumweleza hivyo. Alipofika kwenye mtoto akanyamaza, kwa sababu daktari alikuwa akimtazama kwa namna ambayo haikuwa ya hasira.

Daktari Ng'washi alieleza taratibu. Kule kwao mvua zimekatika mfululizo. Watu waliozoea mahindi na mpunga wamepewa mbegu ya muhogo inayovumilia jua, na muhogo huo unavumilia kwa sababu ni mchungu. Una sumu. Haukatwi na kuanikwa hivihivi. Humenywa, ukalowekwa majini mpaka ulainike na kuvunjika kwa vidole, ndipo uanikwe. Bibi zao walijua, lakini bibi hao walikufa katika miaka ya mahindi. Wasiojua waliuliza Mtambo. Mwaka juzi Mtambo uliwajibu kwa sauti yake yeye daktari. Tangu mwaka jana unawajibu kwa sauti ya Mhina. Wanaanika tu, wanatwanga, wanakula kutwa mara mbili bila samaki wala maharage, maana hakuna. Baada ya wiki chache mtoto anaamka asubuhi na miguu imekakamaa. Haumwi popote, hana homa. Hasimami tu.

"Inapona?" Bi Nuru akauliza.

"Haiponi, mama."

Akamtaja mwanamke mmoja wa kijiji cha Irambya, Minza, ambaye binti yake alikuwa wa kwanza. Daktari alipomkaripia kwa nini hakuloweka, Minza alimwambia kwamba alifuata alivyoelekezwa na yule baba, tena yule baba anasema vizuri.

Daktari aliomba jambo moja. Onyo liwe sentensi ya kwanza. Mhina akaahidi. Alimsindikiza mpaka stesheni, akamnunulia machungwa ya njiani, na daktari akamshukuru kama mtoto anavyomshukuru mzazi.

*

Aliporudi alimkuta Bi Nuru ameketi kwenye kiti chake. Hakuwa mtu mbaya, Bi Nuru. Alimwambia kile ambacho Mhina alikijua, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha waandishi wadogo: onyo likitangulia, msikilizaji hukata. Ndivyo walivyo watu. Wanaouliza mapishi wakianza kusikia sumu, wanakwenda kuuliza jambo jingine. Mtambo utaona wamekata, utaushusha ukurasa, na ukishashuka haupandi tena.

Mhina akauliza kwa nini asiurekebishe tu, aeleze kuloweka. Aliuliza akijua jibu.

"Umewahi kuloweka muhogo mchungu?"

"Sijawahi kuuona."

"Basi utaapa nini?"

Bi Nuru akashusha sauti, akasema onyo haliapiwi, nalo laweza kuwekwa mwishoni. Anayetaka kujua atafika mwishoni. Ahadi itakuwa imetimizwa, na Mwanakombo hatakosa Jumamosi yake. Miaka iliyobaki minne, Mhina. Minne.

Akaliweka mwishoni. Alilisema vizuri, kwa uzito, bila haraka: kama muhogo wako ni mchungu, usiuanike kabla hujauloweka mpaka ulainike. Alipotoka katika chumba cha kurekodi alijisikia kama mtu aliyelipa nusu na kukopa nusu, akaenda nyumbani akalala.

Wiki hiyo hakuutazama ubao. Alimwezekea mtu banda. Jumamosi akautazama, kwa sababu ilikuwa Jumamosi.

Ubao ulikuwa umejaa kanda ya ziwa. Maswali yalishuka kama mchele unaomiminwa: unga wa muhogo, makopa ya haraka, muhogo wa msaada unaliwaje. Mbele ya kila swali kulikuwa na neno ambalo msikilizaji alikatia. *Twanga*, walikatia. *Chekecha*. *Unga mweupe*. Walikuwa wameshapata walichotaka katika sentensi zile za mwanzo, zile alizozipanga kwa ustadi ili mtu asisubiri. Walikwenda zao kuanika. Aliteremsha ubao kwa kidole, akateremsha, akitafuta hata mmoja aliyefika kwenye onyo.

Alimpata. Alikuwa mmoja tu. Alisikiliza mpaka neno la mwisho, na swali lake lilitoka Kituo cha Mwezini.

Mhina aliurudisha ubao juu, akauteremsha tena. Bi Nuru alipita akamwuliza kama anaumwa, akasema hapana. Alikuwa akifikiri kwamba amelitamka onyo kwa ulimwengu mzima, na aliyelisikia ni mtu pekee asiye na muhogo.

*

Aliingia chumbani siku ileile bila kungoja Ijumaa. Alikuwa na fikra ya kutia neno moja la kuaga. Alilitunga njiani kutoka mezani mpaka mlangoni, na lilikuwa neno zuri, ambalo watu wengine wasingelitambua. Kisha akamfikiria mwanamke aliyesimama uani na kisu mkononi, ana haraka, muhogo umemwagwa mbele yake. Kila neno atakalolitia litakuwa neno moja zaidi kati ya mwanamke huyo na maji.

Akasema: "Kama muhogo wako ni mchungu, au hujui kama ni mchungu, usinisikilize mimi. Mimi sijawahi kuutengeneza. Una sumu, na jua peke yake haliitoi. Msikilize Daktari Ng'washi Masalu, useme jina lake sasa hivi."

Akafuta yote mengine, mapishi na mbuzi na paa.

Ukurasa haukufika hata Ijumaa katika nafasi yake. Watu walikata, kama walivyotarajiwa kukata, lakini kwenye ubao Mhina aliona waliokatia kwenye *jina lake*, wengi, na alijua walikokwenda. Daktari akapanda kidogokidogo mpaka akarudi mahali pake. Aliyeuliza bada sasa alijibiwa na mpishi mmoja wa hoteli, mtu mwenye sauti nzito aliyetamka *unga* kana kwamba anautangaza bungeni.

Jumamosi ilipofika ubao wa Mhina ulikuwa mweupe. Hilo alilitarajia. Alichofanya baadaye hakukitarajia mwenyewe. Waandishi walikuwa na ubao wa pamoja ulioonyesha maswali yote ya siku, ili watafute mambo mapya ya kuandika. Akaufungua, akatafuta mwezi. Maswali ya mwezini yalikuwa machache: presha ya tangi, ukungu wa nyanya, vipele vya glavu. Katikati yake kulikuwa na hili:

*Mtu aliyezoea kusema sana akinyamaza ghafla huwa amepatwa na nini?*

Mtambo ulimpa jibu la kwanza, kama ilivyo kazi yake. Mhina akalisikiliza. Aliyejibu alikuwa daktari wa koo, mtu mzuri, aliyeeleza uvimbe wa nyuzi za sauti, akashauri maji ya uvuguvugu na kupumzika. Ubao ulionyesha kwamba muulizaji alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliuliza swali lilelile tena, na tena, na mara zote alijibiwa na daktari wa koo.

Mhina akamwendea Bi Nuru akamwomba likizo. Bi Nuru akamwuliza anakwenda wapi.

"Kwenye muhogo mchungu," akasema.

"Ili uandike upya?"

"Ili niwe na la kuapa."

Bi Nuru akamkumbusha kwamba ukurasa mpya utaanzia chini kabisa, kwamba daktari sasa ameshika nafasi na anastahili kuishika, kwamba huenda usimfikie Mwanakombo kabla hajarudi mwenyewe. Mhina akamwambia hakusudii kumng'oa daktari. Mahali pa daktari pabaki. Lakini kuna maswali madogo ambayo daktari hayajibu, maswali ya watu wenye njaa na haraka, na pengine mtu mmoja mwezini angeuliza moja kati ya hayo. Bi Nuru hakubisha. Alimfungia mikate ya safari.

*

Irambya ilikuwa tambarare, na vumbi lake lilikuwa jeupe kama unga. Daktari Ng'washi alimwonyesha nyumba akabaki njiani, maana alisema pale itabidi aingie peke yake.

Minza alikuwa uani anamenya. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono ya haraka. Chini ya ukuta msichana alikaa kwenye mkeka akisuka ukili, miguu ameinyoosha mbele, imepishana kidogo kwenye visigino kama mkasi. Mhina alibisha hodi, akasema jina lake na anakotoka.

Kisu kilisimama. Minza hakuinua uso. Alimwomba aseme tena.

Mhina akasema tena. Msichana aliacha kusuka.

"Sauti hii naijua," Minza akasema.

Mhina alikuwa ameandaa maneno ya pole, maneno ya mtu ambaye kazi yake ni maneno. Hayakuja. Alisema tu kwamba ni yeye, na kwamba amekuja kujifunza, akikubaliwa, na asipokubaliwa ataondoka. Minza alimenya muhogo mmoja mpaka ukaisha, akachukua mwingine. Bila kumtazama alimwuliza kama anajua kumenya, au naye anasikia kwa watu. Kisha akamsukumia kisu cha pili kwa mguu.

Wakamenya. Minza alimwonyesha namna ya kuondoa ganda la ndani lote, lile la rangi ya waridi. Aliramba kipande kwa ncha ya ulimi akatema, akampa naye aonje na kutema. Ulikuwa mchungu kweli, uchungu wa kukaa kinywani. Mhina hakuwahi kujua kwamba muhogo unaweza kumkataza mtu hivyo. Walijaza pipa maji yaliyochotwa mbali, wakautumbukiza muhogo, wakafunika kwa jani na jiwe. Minza akamwambia masharti yake. Atachota maji mwenyewe. Hatarekodi neno mpaka unga upatikane. Na ugali wa kwanza utakaosongwa kwa unga huo atakula yeye, mbele yao, siku nyingi, kabla mtoto wa mtu mwingine hajaugusa.

"Sawa," Mhina akasema.

Alikaa kwa jirani wa Minza. Alichota maji. Asubuhi alifunua pipa, akatia mkono, akabonyeza, akafunika. Harufu ilianza kubadilika, ikawa chachu. Msichana, ambaye jina lake lilikuwa Kulwa, alizoea kumwona, akaanza kumtania kwamba anabeba ndoo kama anabeba yai. Mwenyewe aliweza kufika pipani kwa magongo mawili, akijivuta, na alipofika hakutaka kushikwa.

Siku moja wakiwa wameketi kandokando ya pipa, Minza alimwuliza jambo ambalo alisema limemkaa tangu zamani. Katika ule ukurasa, alikuwa akisema na nani? Maana watu wa Mtambo huwa wanasema na ukuta. Yeye alikuwa akisema na mtu.

Mhina akamweleza kuhusu Mwanakombo. Alieleza kwa kifupi, mwezi, mkataba, Jumamosi, na alipomaliza aliona aibu kwamba sauti yake ilikuwa imelainika.

Minza aliangalia uani, kule binti yake alikokuwa.

"Mimi nilidhani unasema na mimi," akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja bei ya kitu kilichokwisha nunuliwa. Mhina alitafuta jibu katika yote aliyowahi kuyaandika, akatambua kwamba hakuna ukurasa wa neno hilo, na kwamba ukiwepo, si yeye wa kuuandika.

Baadaye Minza aliondoa jiwe na jani. Akaukunja mwenyewe mkono wa shati la Mhina, kama mtu anavyomkunjia mgeni asiyejua kula, akamwambia atie mkono.

Akatia. Maji yalikuwa na uvuguvugu na utelezi. Alikipata kipande chini kabisa, akakibonyeza kwa kidole gumba. Nje kilikuwa kimelainika. Ndani, katikati, palikuwa bado na ugumu mdogo usiokubali.

"Kimevunjika?" Minza akauliza.

"Bado."

"Basi funika."

Akafunika, akachukua ndoo, akaenda kuchota maji.